Maneno Mawili Niliyoyaweka kwenye Mashine za Swaibu

Kyebando, Kampala
2 Novemba 2024

Kwa kaka yangu Abubakar,

Assalamu alaykum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipoacha kukaa chini na watoto wa madrasa. Wifi Ruqayya naye anaendeleaje? Anameza dawa zake za presha, au bado anaziweka kando kila akijisikia vizuri? Sisi huku hatujambo. Mpwa wako Umulkheir anakusalimu. Yule jogoo uliyetuachia siku ya Idi anawika saa asizotakiwa, na jirani yetu ameapa mbele ya watu kwamba atamla, ila kila akimwona anamtupia mchele.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungeniuliza kwa ile sauti yako ya kumuuliza mtoto aliyeshindwa kusoma sura aliyopewa, nami ningekudanganya. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimempa Kamis, dereva wa lori la chumvi anayepita huko Mbale kila wiki. Tafadhali usimpe jibu papo hapo. Soma kwanza mpaka mwisho.

Mwezi wa saba nilikueleza habari za Swaibu, ukaniambia nisamehe, nimwachie Mungu, kwani Mungu halali. Nikakujibu inshallah. Kaka, sikusamehe. Sikumwachia Mungu wala mtu mwingine. Jambo lile nililishika kwa mikono yangu miwili, na sasa nataka ujue nilivyolishika.

Unalikumbuka duka la marehemu mume wangu Jibril pale sokoni Kikuubo, chini kabisa ya jengo, katikati ya wauza peremende kwa jumla na wauza mabeseni. Kompyuta moja, printa moja, mashine moja ya kutolea kopi. Watu walikuja kuchapiwa barua na kujaziwa fomu za mtandaoni. Jibril alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa, hata ukurasa wa kwenye kioo cha kompyuta. Wateja walimcheka, naye alicheka nao, kisha akalamba tena.

Siku ya kumzika ulikuwapo. Ulimsikia shehe akiuliza kama kuna mtu mwenye dai lolote kwa marehemu, na ukausikia ule ukimya, kisha wote wakasema alikuwa mtu mwema. Ukimya ule ndio urithi nilioachiwa. Miezi minne na siku kumi za eda niliukalia kama mtu anavyokalia sanduku lake safarini.

Nilipotoka eda nilikwenda dukani siku ya kwanza nikiwa na haja moja tu, nayo si ya biashara. Jibril aliwahi kunionyesha kwamba ukigusa herufi moja pale juu unapoandika jambo la kutafuta, mashine inakukumbusha yale uliyowahi kutafuta. Nilitaka kugusa herufi nione maneno yake. Nikagusa k. Halikuja neno lake hata moja. Ulikuja ukurasa nisioujua, wenye matangazo ya dawa za kunenepesha na wanawake wanaocheka ovyo. Nikajaribu m, nikajaribu j. Yale yale. Umulkheir, aliyekuwa akifungua duka wakati wa eda, akaniambia mashine iko hivyo tangu alipoishika, na kwamba Swaibu alimwambia wateja wote wa mtandao awapeleke juu kwake, hapa chini afanye kopi na kuchapa tu.

Swaibu unamjua. Ni rafiki wa Jibril tangu madrasa, alikuwa na duka la mtandao ghorofa ya pili, mashine sita. Siku hiyo hiyo aliteremka, akanisalimu kwa heshima zote, shemeji hivi, shemeji vile, na kabla sijamaliza kumweleza akasema dawa yake ni kufuta kila kitu kilichomo, mashine ianze upya kama mtoto aliyezaliwa leo. Nikamwambia hapana, humo mna maneno ya mume wangu. Akasema maneno gani, shemeji, mashine haina maneno, ni takataka tu. Nikamwambia tena hapana. Akarudia ombi hilo mara tatu wiki ile, na mara ya tatu hakunitazama usoni.

Wiki iliyofuata alikuja Okinyi, yule Mkenya anayesimamia stoo ya magodoro. Alisimama mlangoni, hakuingia, akapaza sauti mpaka wapagazi wakatua mizigo. Alisema fomu ya binti yake ya chuo cha uuguzi aliijaza kwenye mashine ya Jibril, akaingiza vyeti na namba za kitambulisho, akangoja na kungoja, na alipokwenda chuoni akaambiwa jina hilo halijawahi kufika. Fomu ilikwenda kwenye ukurasa wa uongo, na sasa watu asiowajua wanampigia binti yake simu wakimtaja kwa majina yote matatu. Akasema, na hili nalikumbuka neno kwa neno, eti marehemu wenu mlimsifu bure, kafa na mikono mirefu, hata kaburini bado anachukua. Mama mmoja muuza chai akamwambia banange, jamani, usimseme mtu aliyelala. Okinyi akamjibu kwamba binti yake ndiye hapati usingizi.

Mimi nilishika kitambaa cha kufutia kioo nikafuta kioo kilichokuwa safi.

Aliyenisaidia ni Nerima, karani wa duka la mabeseni, msichana wa Bungoma mwenye subira. Alikaa nami siku tatu saa za chakula. Aliufungua mpangilio wa brauza, akarudisha mtambo wa kutafutia tuliouzoea, ukakaa vizuri. Tulipozima na kuwasha, ukurasa wa matangazo ukarudi. Akakiondoa kile kijiprogramu kilichojibandika juu ya brauza, kikarudi pia. Chini ya orodha kulikuwa na mstari unaosema brauza hii inasimamiwa na shirika lako. Nerima akaniuliza ni shirika gani hilo. Nikamwambia hapa shirika ni mimi na marehemu. Akacheka, kisha akaona haya akaniomba radhi.

Siku ya tatu akafungua orodha ya programu zote zilizomo, akakuta moja inayojiita msaidizi wa kutafuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimrudisha mwenzake kila tulipomfukuza. Akaing'oa, akafuta na ile amri iliyoandika habari za shirika, nami nikiandika kila hatua kwenye daftari. Lakini kabla hajaing'oa nilimshika mkono. Kando ya jina la programu kulikuwa na tarehe ya kuwekwa: 20 Januari 2024.

Kaka, Jibril alifariki tarehe 17. Tarehe 20 ilikuwa siku ya tatu ya matanga, nyumba imejaa watu, nanyi mnasoma sebuleni. Siku ile Swaibu alituma mtu ndani kuniomba ufunguo wa duka, eti akazime mitambo vizuri umeme usije ukaiunguza. Nilimpa. Jioni akaurudisha. Hakuna mtu mwingine aliyeingia dukani siku hiyo.

Basi nikaunganisha. Aliweka kitu kile katika duka la rafiki yake kabla udongo haujakauka. Akamwambia Umulkheir awapeleke wateja juu kwake. Kisha akataka kufuta kila kitu ili mkono wake usionekane. Na jina lililotukanwa mlangoni lilikuwa la Jibril, ambaye hawezi kujibu.

Tulipowasha mashine, maneno ya Jibril yakarudi. Nilipogusa k lilikuja swali lake, kwa nini mke hukoroma akilala chali. Nilipogusa j, jinsi ya kupika wali wa nazi bila kuunguza chini. Nilipogusa m, mto mzuri kwa mwenye shingo ngumu. Nilipogusa p, programu ya bure ya kusomea Kurani kwa herufi kubwa. Hiyo alikuwa akinitafutia mimi, kwa ajili ya macho yangu. Nililia mpaka Nerima akafunga mlango. Na nilipomaliza kulia, kaka, sikuwa kama yule jirani anayeapa kisha akamtupia jogoo mchele. Nilitaka Swaibu aumie. Nilitaka aumie mahali pale pale alipomuumiza Jibril, kwenye jina.

Nilimuuliza Nerima, kama mwanafunzi anavyouliza, mtambo wa kutafutia unajuaje pa kwenda. Akanionyesha kwamba kila mtambo una anwani, na ndani ya anwani kuna alama inayoshika nafasi ya neno la mteja. Ukiandika kitu kabla ya alama ile, kitatangulia kila atakachotafuta mteja. Nikaandika kwenye daftari. Nerima hakujua nakiandika cha nini, usimweke kwenye dhambi hii.

Nilianza kupanda ghorofa ya pili kama mteja. Nilimwambia Swaibu natafuta mafundisho ya cherehani. Alinivutia kiti mwenyewe, akanifutia vumbi. Nikakaa mashine namba nne, nikafungua mpangilio, nikaandika maneno mawili nikayaweka mbele ya ile alama. Nikafunga, nikamshukuru, nikashuka.

Kuanzia hapo, mtu akikaa namba nne akaandika fomu ya pasipoti, mashine ilitafuta Swaibu mwizi fomu ya pasipoti. Akiandika matokeo ya mpira, ilitafuta Swaibu mwizi matokeo ya mpira. Maneno yalisimama pale juu ya ukurasa, kila mwenye macho ayasome. Mteja wa kwanza kuyaona alikuwa Barnabé, yule Mkongo wa vitenge, naye alicheka mpaka tukamsikia chini: eti Swaibu, ndugu yangu, hata mashine yako yakujua!

Swaibu akairekebisha. Kesho yake nikapanda tena nikakaa namba mbili. Akarekebisha namba mbili, nikaenda namba sita. Wiki tano nilifanya hivyo, na sikukosa swala hata moja. Nilikuwa nashuka ngazi zile moyo wangu umetulia kama mtu aliyetoka kutoa sadaka. Watu walipiga picha vioo kwa simu zao, wakatumiana. Wapagazi wakaanza kumwita jina hilo anapopita, mwanzoni kwa mzaha: Swaibu mwizi, sogea mzigo upite! Halafu mzaha ukaisha likabaki jina. Wanawake wakaanza kuuliza kwa nini mashine zote ziseme neno moja kama hakuna jambo. Hapo nami nikatia kuni. Nilimwambia muuza chai habari za tarehe 20 Januari, nikamsihi asimwambie mtu. Unajua maana ya kumsihi hivyo muuza chai.

Mwezi wa tisa Mzee Dawudi, aliyekuwa amekubali kumwoza Swaibu binti yake, alirudisha posa. Alirudisha vyote, mpaka kanzu aliyopewa, akasema hatoi mtoto kwa mtu anayefungua duka la maiti. Wiki mbili baadaye Swaibu alishusha ubao wake. Nilisimama mlangoni pangu nikamtazama akibeba mashine zile sita, moja moja, kwenye ngazi. Alipofika namba nne akanisalimu. Nikamwitikia. Kaka, nilikuwa na furaha. Nilikwenda nyumbani nikapika wali wa nazi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Wiki mbili zilizopita Okinyi alirudi. Safari hii aliingia ndani, akavua kofia, akaketi. Alisema amesikia mwizi alikuwa nani, na kwamba tangu siku ile mdomo wake unamuuma kwa kumtukana marehemu. Aliniita mama, ingawa tunalingana umri. Akatoa kwenye bahasha ile fomu ya binti yake, karatasi aliyoichapa hapa hapa dukani baada ya kuijaza, akasema niichane kwa mkono wangu ili jambo liishe. Nikaipokea. Chini ya karatasi, kama mashine inavyofanya yenyewe inapochapa ukurasa wa mtandaoni, kulikuwa na anwani ndefu ya ule ukurasa wa uongo, na pembeni tarehe: 6 Januari 2024.

Siku kumi na moja kabla ya Jibril kufa.

Nilimuuliza Okinyi nani alimhudumia siku ile. Akasema, lakini mama, si Jibril mwenyewe? Tena alininunulia chai, akamwombea binti yangu. Tangu mwezi wa sita sikuwahi kumuuliza swali hilo. Nilidhani alihudumiwa na Umulkheir wakati wa eda. Nilikuwa na tarehe yangu moja, nikaikumbatia, sikutaka nyingine.

Sikuichana karatasi. Alipoondoka nilimwita Nerima nikamuuliza kama tarehe ya kwenye ile orodha inaweza kusema uongo. Akasema haisemi uongo, ila programu ikijisasisha yenyewe, tarehe inabadilika. Ukitaka kujua iliingia lini hasa, tazama faili lililoileta. Tukafungua mahali yanapokaa mafaili yaliyoshushwa. Lilikuwapo. Programu ya bure ya kusomea Kurani kwa herufi kubwa, tarehe 4 Januari, saa tisa alasiri. Nerima akasema vitu vya bure mara nyingi huja na wageni ndani, na mtu akibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo bila kusoma, wageni wote huingia. Unamjua Jibril. Alikuwa mtu wa kusema ndiyo.

Kumbe aliyekileta ni yeye, kwa ajili yangu. Tarehe 20 mashine iliwashwa tu, na kitu kile kikajisasisha.

Siku iliyofuata nilikwenda Mbuya. Swaibu anatengeneza simu kwenye baraza ya duka la mtu. Alinipa stuli yake, yeye akakalia kreti ya soda. Nilimweleza yote, mpaka namba nne, namba mbili na namba sita. Akaniambia alijua. Alisema kila mashine iliyoharibiwa ilinukia udi, na hakuna mwanamke mwingine anayepanda ghorofa ile amejifukiza udi. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akinivutia kiti. Akasema, shemeji, ningekuacha usimame?

Nilipomuuliza habari za siku ya tatu ya matanga, akanieleza. Zile Yasini tulizomsomea Jibril, kaka, vile vitabu vyeupe ambavyo wewe na mimi tulidhani vimeletwa na msikiti, ni yeye aliyezichapa siku ile, kwenye printa ya Jibril, kwa sababu alitaka zitoke kwenye mashine ya mwenyewe. Ule wa ufunguo ulikuwa uongo wa mtu asiyetaka kushukuriwa. Alipowasha mashine aliuona ule ukurasa, akatafuta ulikotoka, akakuta lile faili na tarehe yake. Umeme ukakatika hajaondoa kitu, na baada ya hapo mimi niko ndani ya eda, angekujaje kuniambia? Akamkataza Umulkheir kuingiza watu mtandaoni asije mwingine akaumia. Na aliponiomba afute kila kitu, alitaka kufuta tarehe ile, isije ikajulikana kwamba Jibril ndiye aliyelifungua lango.

Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata walipomwita mwizi, hata Mzee Dawudi alipomrudishia kanzu. Akasema hasira yangu ilikuwa inatafuta pa kula, akaona ni bora ile kwake kuliko kaburini.

Nilimwambia nitasimama mbele ya watu niseme. Akakataa. Alinisihi, kaka, mikono yake ikiwa na risasi ya kulehemu vidoleni. Alisema yeye yu hai, ataanza upya, Mbuya nako kuna simu mbovu. Jibril hana pa kuanzia. Akaniomba niliache jambo lilivyo.

Nami nikakubali.

Hilo ndilo ninaloliungama, zaidi ya yale maneno mawili. Nilikunywa chai aliyoninunulia, nikamshukuru, nikateremka kilima cha Mbuya nikiwa mwepesi. Jina la Jibril limebaki safi, Swaibu mwenyewe kanipa ruhusa, basi nini tena? Siku tatu nilikaa na wepesi ule. Siku ya nne nilipita mahali pake pa zamani nikamsikia mpagazi akimwonyesha mgeni njia, akamwambia, panda ngazi, pale palipokuwa pa Swaibu mwizi. Hakuwa na ubaya. Kwake hilo sasa ni jina la mahali.

Hasira bado ninayo, usidhani imetoka. Nikiwafikiria watu waliotengeneza ukurasa ule, waliouficha ndani ya Kurani ya mtu anayempenda mkewe, vidole vyangu vinajikunja vyenyewe. Ningewapata ningewafanyia zaidi ya maneno mawili. Lakini hawana duka la ghorofa ya pili, sijui hata nchi yao. Swaibu alikuwa karibu, ndiyo maana nilimpiga yeye.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi ya Okinyi. Usiirudishe. Mara mbili nimeishika juu ya makaa ya sigiri, na mara ya pili pembe yake ilishika moto, utaona. Ijumaa ya tarehe 29 wafanyabiashara wa jengo letu watakutana baada ya swala. Nimekusudia kusimama niseme kwamba kitu kile kilitoka dukani kwetu, kwa bahati mbaya, na kwamba maneno mawili ni yangu. Sijui kama miguu itanibeba. Kwa hiyo njoo. Nikikaa kimya, simama wewe uisome karatasi hiyo mbele yao, tarehe na yote, hata ukiniona nakukataza kwa macho. Na tukitoka hapo twende sote kwa Mzee Dawudi.

Nisalimie wifi Ruqayya, mwambie dawa ni za kila siku. Wasalimie watoto wa madrasa. Umulkheir anasema ukija umletee yale maharage ya Mbale.

Ni mimi mdogo wako,
Nusura

Unikumbuke kwenye dua zako, kaka, baada ya Jibril na baada ya Swaibu.